Nyimbo za Vichekesho zenye Lafudhi ya Kiyahudi katika Muziki wa Marekani wa Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayekutana na santuri hizi kwa mara ya kwanza. Mara nyingi msomaji huyo huduwaa, kwa sababu anasikia sauti yenye mikwaruzo ya zaidi ya miaka mia moja iliyopita ikimwigiza mhamiaji wa Kiyahudi kwa namna inayochekesha na kukera kwa pamoja. Msimamo unaoongoza majibu yote ni huu: wimbo wa aina hii hauwezi kuhukumiwa kwa maneno yake peke yake. Ni lazima kwanza ijulikane ni nani aliyeutunga, ni nani aliyeuimba, na ni nani aliyekuwa ameketi ukumbini akiusikiliza.

Hizi ni nyimbo za aina gani hasa?

Ni nyimbo za Kiingereza zilizotungwa kwa ajili ya majukwaa ya vodevili, yaani maonyesho mchanganyiko ya nyimbo, dansi na vichekesho, zikauzwa kama karatasi za muziki kwa wenye piano nyumbani, kisha zikaingia kwenye silinda (mitungi ya nta iliyotumika kurekodi sauti) na santuri. Ndani yake mwimbaji anaigiza Kiingereza cha mhamiaji wa Kiyahudi aliyetoka Ulaya Mashariki. Sauti ya "w" inageuka kuwa "v", "th" inageuka kuwa "t" au "d", mpangilio wa maneno unafuata mkondo wa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na mguno wa "oy" unapachikwa kila panapopatikana nafasi. Kwa kawaida wimbo husimulia kisa kimoja kifupi kwa beti mbili na kiitikio, na kichekesho kikubwa hufichwa katika ubeti wa pili. Wahusika hurudi wale wale: Cohen, Levi, Rosenthal, Mose, Abie, Becky na Sadie. Mambo yao pia ni yale yale, yaani biashara, madeni, uchumba, harusi, na watoto waliovutwa na anasa za nchi mpya kuliko wazazi wao walivyopenda.

Je, ziliimbwa kwa Kiyidishi?

Hapana, isipokuwa neno moja moja la kutia ladha. Huko New York kulikuwa na ulimwengu mwingine kamili wa maonyesho ya Kiyidishi, kwanza katika mtaa wa Bowery na baadaye Second Avenue, ambako waigizaji waliimba kwa lugha yao wakiwaimbia watu wao, nao walikuwa na vichekesho vyao wenyewe. Nyimbo tunazozizungumzia hapa zilimlenga yeyote aliyeweza kulipa kiingilio: Mwairishi, Mjerumani, Mwitaliano, Mmarekani wa siku nyingi, na Myahudi pia. Mchanganyiko huo wa watazamaji ndio uliozipa utata wake, kwa kuwa watu wawili walioketi safu moja wangeweza kuucheka mstari mmoja kwa sababu mbili zinazopingana.

Zilianza lini, na kwa nini zikashamiri?

Wachekeshaji waliomwigiza Myahudi walikuwapo jukwaani tangu miaka ya 1870 na 1880. Frank Bush ni miongoni mwa waliojulikana sana wakati huo. Hata hivyo, wingi wa nyimbo zenyewe ulikuja baadaye, takriban kati ya 1905 na 1920, na chanzo chake ni uhamiaji. Mfalme Alexander wa Pili wa Urusi aliuawa mwaka 1881, na mashambulizi dhidi ya Wayahudi yaliyofuata, yakiongezewa na umaskini na sheria za ubaguzi, yaliwasukuma watu kuondoka kwa makundi. Kufikia 1924, Wayahudi zaidi ya milioni 2 kutoka Ulaya Mashariki walikuwa wameingia Marekani. Mwaka 1910 jiji la New York peke yake lilikuwa na Wayahudi zaidi ya milioni 1, mamia ya maelfu yao wakiwa wamesongamana katika majengo ya kupanga ya Lower East Side, mtaa wa wahamiaji wa jiji hilo.

Biashara ya burudani ya wakati huo ilikuwa na desturi ya kumfanyia kila mgeni hivyo hivyo. Mwairishi alikwisha kuwa mlevi mgomvi wa jukwaani, Mjerumani akawa mtu mnene asiyeelewa haraka, na Mwitaliano akawa mpiga kinanda cha mtaani mwenye tumbili. Kila kundi lililoshuka melini lilikuta kiti chake cha kuchekwa kimeshawekwa. Isitoshe, wachapishaji wa nyimbo walikuwa wamejazana katika barabara ya 28 ya New York, eneo lililoitwa Tin Pan Alley, ambako kila wiki ilibidi pawe na bidhaa mpya. Walikuwa hata na wapiga debe wao, vijana waliolipwa kuzunguka kumbini na madukani wakiimba wimbo mpya mpaka uwakae watu vichwani.

Njia ya haraka ya kupata wimbo mpya ilikuwa kuchukua mtindo uliokwisha kuvuma na kumtia Myahudi ndani yake. Mwaka 1902 Bob Cole na ndugu wawili wa ukoo wa Johnson, watunzi Weusi, walitoa "Under the Bamboo Tree", wimbo wa mapenzi chini ya mwanzi. Mwaka 1907 Fred Fisher, mzaliwa wa Köln nchini Ujerumani, akaujibu kwa "Under the Matzos Tree", na badala ya mwanzi akaweka mti unaozaa mikate isiyotiwa chachu inayoliwa wakati wa Pasaka ya Kiyahudi. Nyimbo za wachunga ng'ombe wa magharibi zilipopendwa, akazuka Levi mchunga ng'ombe, mwenye bastola na ujasiri wa kutisha. Kichekesho kilitokana na kumwona Myahudi mahali ambapo hakuna aliyemtarajia, na kila mtindo mpya wa muziki uliongeza mahali pa namna hiyo.

Myahudi wa jukwaani alionekanaje?

Alivaa koti refu jeusi lililochakaa, suruali pana, na kofia ngumu ya duara iliyovutwa chini mpaka ikayafunika masikio. Ndevu zilikuwa za bandia na pua ilirefushwa kwa udongo wa kufinyanga. Viganja viligeuzwa juu na mabega yakapandishwa kila alipozungumza. Majalada ya karatasi za muziki yalirudia sura hiyo kwa rangi, ili mnunuzi atambue aina ya wimbo kabla hajasoma kichwa chake. Kwa upande wa tabia, alikuwa mfanyabiashara bahili, mwoga, anayepapatikia senti, lakini pia mpenda familia kupita kiasi.

Wako wanaodhani kwamba kila mchekeshaji wa Kiyahudi aliigiza sura hiyo, na sivyo ilivyokuwa. Joe Weber na Lew Fields, vijana wa Lower East Side waliozaliwa 1867 na kuwa miongoni mwa wachekeshaji wakubwa kabisa wa Marekani, walijenga umaarufu wao kwa lafudhi ya Kijerumani.

Nani alizitunga? Ni watu waliowachukia Wayahudi?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake huwashangaza wengi: sehemu kubwa ya watunzi walikuwa Wayahudi wenyewe, wahamiaji au watoto wa wahamiaji. Lakini hawakuwa peke yao. Al Piantadosi, aliyeshiriki kutunga wimbo wa Levi mchunga ng'ombe, alitoka katika jamii ya Waitaliano. Tin Pan Alley kilikuwa kiwanda, na mtunzi mmoja alitarajiwa kuandika wimbo wa Kiitaliano asubuhi, wa Kiairishi mchana na wa Kiyahudi jioni.

Ukweli kwamba mtunzi ni Myahudi haumaanishi kwamba wimbo hauumizi. Unaonyesha tu kwamba kijana aliyekulia katika vyumba vile vya kupanga alikuta soko lililokwisha kupanga bei ya kila sura, akauza sura aliyoijua kuliko zote.

Irving Berlin alihusika kwa kiasi gani?

Alihusika sana, na mwanzo wa kazi yake haueleweki bila nyimbo hizi. Berlin alizaliwa katika Dola ya Urusi mwaka 1888, akaletwa New York mwaka 1893, na ujanani alifanya kazi ya kuhudumia wateja huku akiwaimbia katika mkahawa wa mtaa wa Wachina. Utungo wake wa kwanza kuchapishwa, mwaka 1907, ulihusu msichana wa Kiitaliano. Baada ya hapo aliandika kwa lafudhi za makundi karibu yote ya jiji, na mwaka 1909 akatoa nyimbo mbili za Kiyahudi zilizovuma: "Sadie Salome (Go Home)", aliyoshirikiana na Edgar Leslie, na "Yiddle on Your Fiddle, Play Some Ragtime".

Huo wa pili unastahili kusikilizwa kwa makini. Kisa kinatokea harusini. Mpiga fidla anaanza kupiga regitaimu, muziki wa Wamarekani Weusi uliokuwa ukitikisa nchi nzima, na Sadie anaruka kutoka kitini, anamkazia macho, na kumsihi aendelee. Hakuna anayedhihakiwa kwa ubahili wala kwa pua yake. Kinachooneshwa ni harusi ya kijadi inayotekwa na mdundo wa nchi mpya, na mwenye kufurahi kuliko wote ni binti wa mhamiaji.

"Cohen Owes Me Ninety-Seven Dollars" wa mwaka 1915 ni kali zaidi. Mzee Rosenthal yuko kitandani, daktari amekata tamaa. Anamwita mwanawe amsikilize kwa mara ya mwisho, na wosia wake wote ni orodha ya wadeni: Cohen anadaiwa dola tisini na saba, kampuni fulani ilichukua mali kwa ahadi ya kulipa baada ya siku tisini, ndugu fulani wanadaiwa yadi mia moja za lesi. Mwana akiahidi kukusanya yote, mzee atakufa akitabasamu. Katika ubeti wa pili mwana amekusanya, na mzee amepona, kwa kuwa mfanyabiashara mwenye fedha mkononi haoni faida ya kufa wakati huo. Mzaha ni ule ule wa ubahili wa Kiyahudi, na hatuwezi kuukana. Hata hivyo, sikiliza jinsi mistari ilivyobebwa na mazungumzo: hesabu za duka la nguo zimelala juu ya mahadhi bila kulazimishwa, na maneno ya mtu anayelalamika yamekuwa kiitikio ambacho yeyote anaweza kukiimba. Kwa maoni yetu, Berlin alijifunzia hapa ustadi wa kufanya maneno ya mtaani yaimbike, ule ule uliobeba nyimbo zake kubwa za baadaye. Nyimbo za lafudhi aliziacha kidogo kidogo katika miaka iliyofuata.

Kwa nini Fanny Brice hutajwa kuwa kilele cha sanaa hii?

Kwa sababu yeye aliigeuza katuni kuwa mtu. Alizaliwa New York mwaka 1891 kwa jina la Fania Borach, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hakukua akizungumza Kiyidishi. Lafudhi iliyomletea sifa aliivaa kama msanii anavyovaa vazi.

Kisa chake na "Sadie Salome" kinaonyesha jinsi mambo yalivyotokea. Tangu 1907, opera ya Richard Strauss kuhusu Salome, binti wa Biblia aliyecheza dansi mbele ya Herode, ilipoondolewa katika jumba la opera la Metropolitan huko New York baada ya onyesho moja tu kwa sababu ya kelele za waadilifu, dansi ya Salome na shela zake saba ilikuwa imezagaa katika kumbi za vodevili, kila mcheza dansi akitaka kuonekana akivua kipande baada ya kipande. Berlin na Leslie wakamtunga Sadie, binti wa Kiyahudi aliyekimbia nyumbani ili awe Salome wa jukwaani. Mchumba wake Mose anaingia ukumbini, anamwona, na kutoka kitini anaanza kumpigia kelele aende nyumbani akavae nguo. Mwaka 1909 Brice, aliyekuwa akifanya kazi katika onyesho la burleski, yaani vichekesho na dansi za ukumbini za daraja la chini, alimwendea Berlin kutafuta wimbo. Berlin akamwimbia huo kwa lafudhi, na ndivyo wazo la kuimba kwa lafudhi lilivyomwingia. Kwa simulizi yake mwenyewe ya baadaye, siku ya onyesho alivaa vazi la kibaharia lililotiwa wanga kupita kiasi, likawa linamkwaruza na kupanda juu mahali pasipofaa. Kila alipojinyonganyonga kulishusha, watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo, wakaangua kicheko.

Tazama kilichomo ndani ya tukio hilo. Watazamaji walikuwa wamezoea kuonyeshwa Salome wa kutamaniwa, na sasa walikuwa mbele ya msichana anayewashwa na nguo zake, anayejaribu kuwa mrembo wa kimataifa huku lafudhi ya mtaani ikimsaliti. Mchezo ulimcheka Sadie, lakini uliicheka zaidi ile homa ya Salome na wanaume waliolipa kuitazama. Mwaka uliofuata Florenz Ziegfeld alimwajiri Brice katika Follies za 1910, onyesho la kifahari kuliko yote ya wakati wake, ambamo pia aliingia kwa mara ya kwanza Bert Williams, mchekeshaji mashuhuri Mweusi.

Kwa miaka zaidi ya kumi Brice alirudi na Becky na Rose kwa sura mbalimbali. Mtunzi Blanche Merrill alimwandikia Becky aliyerudi kwenye baleti, na pia mke wa Kiyahudi aliyejikuta amekuwa Mhindi Mwekundu. Mwaka 1921 alirekodi "Second Hand Rose", malalamiko ya binti wa muuza mitumba ambaye kila alichonacho kimewahi kuwa cha mwingine, na katika mwaka huo huo "My Man", wimbo wa majonzi alioimba bila lafudhi hiyo. Mwaka 1923 alifanyiwa upasuaji wa kupunguza pua, jambo lililoandikwa sana magazetini. Wengi leo wanamjua kupitia tamthilia ya muziki ya 1964 na filamu ya 1968 zilizomfanya Barbra Streisand kuwa nyota.

Je, waimbaji wote walikuwa Wayahudi?

Hapana. Katika studio, hali ilikuwa karibu kinyume. Ada Jones, mzaliwa wa Uingereza, aliyerekodi "Under the Matzos Tree", aliimba kwa lafudhi yoyote aliyotakiwa. Arthur Collins na Byron Harlan, waliorekodi "When Mose with His Nose Leads the Band" mwaka 1906, waliishi kwa kazi hiyo hiyo ya kuigiza kila kabila. Edward Meeker, aliyetoa sauti ya Levi mchunga ng'ombe mwaka 1908, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya Edison. Miongoni mwa wanawake waliozama katika nyimbo za Kiyahudi, msikilizaji asimkose Rhoda Bernard, aliyerekodi wimbo wa Cohen na dola zake mwaka 1916 kwa ukali na kasi inayovutia hadi leo.

Kwa nini kampuni za santuri zilizipenda?

Sababu za kiufundi zilikuwa na uzito. Kabla ya maikrofoni kuingia studioni mwaka 1925, mwimbaji alilazimika kuimba ndani ya pembe kubwa ya bati, na mtetemo wa sauti yake ndio uliochonga mfereji kwenye nta. Sauti nyororo zilipotea. Sauti kavu, yenye matamshi yaliyotiwa chumvi, ilipenya. Silinda ya kawaida ilibeba takriban dakika 2, na ya aina mpya iliyotoka 1908 takriban dakika 4, muda unaotosha kisa chenye mwanzo, kati na kichekesho cha mwisho. Vilevile, kwa kuwa msikilizaji hakumwona mwimbaji, lafudhi ilifanya kazi ya ndevu, koti na kofia vyote kwa pamoja.

"Cohen on the Telephone" ni wimbo?

Si wimbo, ni masimulizi ya mtu mmoja, lakini huwekwa kundi moja na nyimbo hizi kwa sababu ya lafudhi na soko. Yalirekodiwa London mwaka 1913 na Joe Hayman, yakauzwa mno pande zote mbili za Atlantiki. Cohen anampigia simu mwenye nyumba kumweleza kwamba upepo umeangusha kifuniko cha dirisha. Akilitamka jina la kifuniko hicho kwa lafudhi yake, upande wa pili unasikia amri ya kunyamaza, na kila anavyojieleza ndivyo anavyozidi kuudhi. Mafanikio hayo yalizaa msururu wa santuri za Cohen, nyingi zikiwa za Monroe Silver.

Muziki wenyewe ulikuwa na dalili gani za Kiyahudi?

Kidogo kuliko unavyotarajia. Ubeti mara nyingi huanza kwa skeli ya maina, yenye sauti ya huzuni, fidla ikilia kwa mtindo ambao wapiga muziki wa jukwaani waliutumia pia kwa Waarabu na Waturuki bila kuwatofautisha, kisha kiitikio kinafunguka katika skeli ya meja, iliyochangamka, na mdundo wa regitaimu. Uyahudi wa nyimbo hizi umo zaidi katika kinywa cha mwimbaji kuliko katika noti.

Wayahudi walizipokeaje?

Hawakuzipokea kwa sauti moja. Vibarua wa viwanda vya nguo na wake zao walijaza kumbi ambamo Brice na wenzake walicheza, na kwa mhamiaji aliyekwisha kunyoosha Kiingereza chake, kumcheka aliyefika jana ilikuwa njia ya kujihakikishia kwamba yeye si mgeni tena. Kwa upande mwingine, marabi, magazeti ya Kiyahudi na viongozi wa jumuiya, hasa wa familia zilizotangulia kufika kutoka Ujerumani, walilalamika kwamba jukwaa lilikuwa likiwafundisha Wamarekani kumdharau Myahudi. Shirika la Kiyahudi la B'nai B'rith lilipoanzisha Anti-Defamation League, chama cha kupinga kashfa dhidi ya Wayahudi, mjini Chicago mwaka 1913, sura ya Myahudi jukwaani ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kushughulikiwa.

Malalamiko hayo hayakuwa hofu tupu. Mwaka huo huo wa 1913, Leo Frank, meneja wa kiwanda wa Kiyahudi huko Atlanta, alihukumiwa kifo katika kesi iliyogubikwa na chuki, na mwezi Agosti 1915, baada ya adhabu yake kupunguzwa, kundi la watu lilimtoa gerezani na kumnyonga. Mwaka 1915 ndio pia uliotoa wimbo wa mzee Rosenthal. Anayetaka kuelewa kwa nini watu wazima wenye busara walihangaishwa na nyimbo za kuchekesha aziweke tarehe hizo mbili pamoja.

Basi tuseme zilikuwa nyimbo za chuki?

Baadhi yake, ndiyo, na hatuoni sababu ya kuzipamba. Wimbo wa Mose na pua yake hauna kingine cha kusema zaidi ya pua. Ukiiondoa, hakuna mtu anayebaki. Lakini kuiweka "Yiddle on Your Fiddle" katika kapu hilo hilo ni kukosa masikio. Kipimo tunachokitumia ni hiki: je, mhusika ana haja yake mwenyewe, anataka kitu, anashangaa, anaamua? Sadie anataka kucheza dansi. Rose anataka kitu kipya, hata kimoja tu, ambacho hakikuvaliwa na mwingine. Wakati mwingine kicheko cha nyimbo hizo kinakuwa upande wao, na uimbaji wa Brice ulisukuma upande huo kwa nguvu zote. Hata hivyo, wimbo uliosikika kwa huruma katika ukumbi wa Lower East Side ungeweza kusikika kwa dharau katika mji ambao haujawahi kuwa na Myahudi hata mmoja, na santuri zilifika huko pia.

Je, zinalingana na nyimbo za wasanii waliojipaka masizi kuwaiga Wamarekani Weusi?

Zinafanana kwa mbinu, lakini uzito wake si mmoja. Mtindo wa kujipaka masizi ulianza kutawala jukwaa la Marekani katika miaka ya 1830, wakati utumwa ukiwa bado halali, na ndio uliowafundisha watumbuizaji waliofuata namna ya kuigeuza jamii nzima kuwa kiroja. Nyimbo za Kiyahudi zilirithi mbinu hiyo. Tofauti kubwa ni kwamba Myahudi aliweza kuandika, kuchapisha na kuimba mwenyewe, na mwisho wa onyesho aliivua pua ya bandia akaenda zake. Bert Williams, akiwa Mweusi, alijipaka masizi ili akubalike jukwaani, na alipoyanawa bado alikataliwa hotelini. Ni lazima pia kusema wazi kwamba wasanii kadhaa wa Kiyahudi walipanda ngazi kwa kuwaigiza Weusi: Sophie Tucker alianza hivyo, Al Jolson alijijengea jina kwa hivyo, na Brice mwenyewe katika Follies za 1910 alitia fora kwa "Lovey Joe", wimbo wa lafudhi ya Wamarekani Weusi.

Je, "My Yiddishe Momme" imo katika kundi hili?

Hapana. Wimbo huo wa Jack Yellen na Lew Pollack, wa mwaka 1925, ni wa huzuni na heshima kwa mama. Sophie Tucker aliurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri kwa Kiingereza na upande wa pili kwa Kiyidishi. Kuutaja hapa kuna maana tu kwa kuwa unaonyesha ladha ilivyokuwa imebadilika: mama wa Kiyahudi sasa alikuwa wa kuliliwa.

Kwa nini zilififia?

Sheria ya uhamiaji ya 1924 iliufunga karibu kabisa mlango wa Ulaya Mashariki, na bila wageni wapya lafudhi ilianza kuwa ya babu na bibi. Watoto wao walizungumza Kiingereza cha New York na walitaka nyimbo za mapenzi zisizotaja kabila. Vodevili ilidhoofishwa na redio na sinema ya sauti. Hali ya kisiasa nayo ilizidi kuwa ya hatari: kuanzia 1920 gazeti la Henry Ford, Dearborn Independent, liliendesha kampeni ndefu dhidi ya Wayahudi, na mwaka 1921 liliwashambulia watunzi wa nyimbo wa Kiyahudi kwa jina la jumla, likidai wameuharibu muziki wa Marekani. Katika mazingira hayo, mzaha wa Cohen na senti zake ulikuwa silaha mkononi mwa adui, na waliokuwa wakiuuza waliliona hilo.

Vichekesho vya Kiyahudi havikufa. Mickey Katz aliviendeleza katika miaka ya 1940 na 1950 kwa kuchanganya Kiyidishi na nyimbo zilizovuma, na Allan Sherman akauza santuri zake kwa wingi kuanzia 1962. Lakini hao waliwacheka watu wao kwa sauti ya nyumbani, wakiwa hawaviziwi tena na koti jeusi na kofia iliyofunika masikio.

Nianzie wapi kusikiliza, na je, ni halali?

Mkusanyo wa mwaka 2006 uitwao Jewface, uliohaririwa na Jody Rosen, ndio uliozirudisha nyimbo hizi mbele ya wasikilizaji wa leo. Silinda nyingi zimehifadhiwa katika mtandao na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na santuri nyingi za kampuni ya Victor zimo katika hazina ya sauti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, bila malipo. Anza na Rhoda Bernard, kisha Levi wa Edward Meeker, kisha "Second Hand Rose" ya Brice. Collins na Harlan waje mwisho, utakapokuwa tayari umepata cha kuwalinganisha nacho. Soma maneno ya wimbo kabla ya kuusikiliza, kwa sababu mikwaruzo na lafudhi kwa pamoja humshinda hata mzungumzaji wa Kiingereza.

Nchini Marekani, rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 zimekuwa huru tangu tarehe 1 Januari 2022, na tungo zilizochapishwa kabla ya 1929 zimekwisha kutoka katika ulinzi wa haki miliki. Anayetaka kuziimba au kuziuza upya nje ya Marekani aangalie sheria ya nchi yake. Kenya na Tanzania huhesabu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na Irving Berlin alifariki mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 101, kwa hiyo tungo zake za mwaka 1909 zisichukuliwe kuwa huru kila mahali kwa sababu tu ni za zamani.